Damu Inaposhuhudia: Hali ya Kuelekea Kisukari na Mishipa ya Wazee Wetu

(Maandishi ya darsa iliyotolewa msikitini baada ya Swala ya Alasiri)

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Aliyemuumba mwanadamu akiwa dhaifu, Akamtia nguvu za ujana, kisha Akamrudisha kwenye udhaifu wa uzeeni ili ajue kwamba nguvu zote ni za Mola wake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, Maswahaba zake, na wote waliofuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu afya ya wazee. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kuwasomesha watoto wenu Qur'ani na lugha ya Kiarabu. Lakini mwanachuoni Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikuwa mtu wa fiqhi ya Kishafii na papo hapo ndiye aliyeeleza namna damu inavyotoka upande wa kulia wa moyo, ikapita kwenye mapafu, kisha ikarudi upande wa kushoto. Wema waliotutangulia hawakuona haya kuitazama damu na kuzingatia kazi ya Muumba. Basi nasi tusione haya leo.

KARATASI NDANI YA KITABU

Nitaanza na jambo la nyumbani kwetu, kwa sababu ndilo lililonifanya nisome habari hizi.

Marehemu baba yangu, Allah amrehemu, alipokuwa na umri wa miaka 61 alipimwa damu bila ya malipo. Aliambiwa kwamba sukari yake imepanda kidogo, lakini si kisukari. Alirudi nyumbani akimshukuru Allah, akasema, "Nimesalimika." Ile karatasi ya majibu akaikunja na kuitia ndani ya kitabu chake cha hadithi. Chai yake iliendelea kuwa na vijiko vitatu vya sukari, na jioni aliendelea kukaa barazani. Baada ya miaka minne, usiku mmoja, upande wake wa kulia ulilegea na ulimi ukawa mzito. Baadhi ya jamaa walisema ni jini. Wakamchukua kwa mganga, na siku mbili zikapita huko. Siku ya tatu ndipo alipofikishwa hospitali, na huko ikaelezwa kuwa ni kiharusi: mshipa wa damu uendao kwenye ubongo umeziba.

Mimi nilikuwa masomoni nchi ya mbali. Niliporudi, baba alikuwa amekwishazikwa. Nilipokifungua kile kitabu, nikaikuta ile karatasi.

Ndugu zangu, sisemi "lau tungelifanya kadha wa kadha", kwani Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza neno hilo katika Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, kwa kuwa linamfungulia shetani mlango. Ajali ya baba ilikuwa imeandikwa. Lakini ninyi mko hai, na nyingi katika karatasi zenu bado ziko mifukoni. Maneno yangu ya leo ni kwa aliye hai.

NINI MAANA YA "KABLA YA KISUKARI"?

Waarabu huiita hali hii maa qabla as-sukkari, yaani kile kilicho kabla ya kisukari. Sukari ya damu imepita kiwango cha kawaida, lakini haijafika kiwango cha ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa hali hiyo pale mtu asiyekula tangu usiku anapopimwa na kukutwa na sukari ya milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita. Ikifika 7.0 na kuzidi, huo ni mlango wa kisukari.

Watu wengi wakisikia neno "kabla" hudhani maana yake ni "bado", na kwamba hakuna lolote linaloharibika. Hapa ndipo tunapokosea. Mishipa mikubwa itoayo damu moyoni, ambayo Waarabu huiita sharaayiin na madaktari wetu huiita ateri, haingojei sukari ifike 7.0 ndipo ianze kudhurika. Utando laini ulio ndani ya mishipa hiyo huanza kuchakaa mapema. Mafuta ya kolesteroli hupenya ukutani mwa mshipa, chembe nyeupe za damu huyafuata ili kuyala, na kidogo kidogo hutokea rundo. Siku rundo hilo likipasuka, damu huganda juu yake na njia huziba. Ikiwa ni njia ya moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikiwa ni njia ya ubongo, hicho ni kiharusi.

Na haya yote hayana maumivu mpaka siku yenyewe. Basi ni nani atakayetuambia? Jibu ni kwamba damu yenyewe inashuhudia.

Allah (S.W.) ametujulisha katika Surat Yaasin, aya ya 65, kwamba Siku ya Kiyama vinywa vitafungwa na viungo vitatoa ushahidi. Sisemi kwamba aya hiyo inazungumzia maabara. Tusiibebeshe Qur'ani tafsiri isiyokuwa yake. Nasema tu kwamba Yule Atakayeitamkisha mikono na miguu Akhera, hapa duniani pia Amejaalia ndani ya damu yetu alama zinazosema tusiyoyasema. Nitawatajia mashahidi watatu, na wote ni protini, yaani chembechembe ambazo mwili wenyewe unazitengeneza.

SHAHIDI WA KWANZA: HIMOGLOBINI

Himoglobini ni ile protini inayoipa damu wekundu wake na kubeba hewa. Sukari iliyomo katika damu hujibandika juu yake. Akina mama wanapotengeneza kaimati huzichovya katika shira. Shira ikiwa nyepesi, kaimati hushika utamu kidogo. Ikiwa nzito, na kaimati zikakaa humo muda mrefu, hushika utamu mwingi. Ndivyo ilivyo himoglobini. Na kwa kuwa chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120, basi kipimo chake, ambacho huitwa HbA1c, hueleza habari za miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Anayefunga siku mbili ili daktari amsifu anaweza kuihadaa sukari ya asubuhi, wala hamhadai shahidi huyu.

Mwaka 1968, mjini Tehran, mtaalamu Samuel Rahbar ndiye aliyebainisha kwamba himoglobini ya namna hii imezidi kwa wagonjwa wa kisukari. Leo Jumuiya ya Kisukari ya Marekani inahesabu asilimia 5.7 hadi 6.4 kuwa ni hali ya kuelekea kisukari, na 6.5 na zaidi kuwa ni kisukari.

Je, shahidi huyu anajua lolote kuhusu mishipa? Huko Marekani, tangu mwaka 1987, wanafuatiliwa watu wa sehemu nne: Jackson katika Mississippi, Forsyth katika North Carolina, Washington County katika Maryland, na vitongoji vya Minneapolis. Walianza wakiwa na umri wa miaka 45 hadi 64, wapatao 15,792, na waliobaki hai sasa ni wazee. Utafiti huo hujulikana kwa jina la ARIC. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya watu 11,092 miongoni mwao ambao hawakuwa na kisukari. Wale ambao HbA1c yao ilikuwa kati ya 6.0 na 6.5 walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo karibu mara 1.8 kuliko waliokuwa kati ya 5.0 na 5.5, hata baada ya kuzingatiwa umri, sigara na shinikizo la damu. Hawa hawakuwa wagonjwa wa kisukari. Walikuwa kama baba yangu, watu wa "nimesalimika".

SHAHIDI WA PILI: PROTINI YA CRP

Shahidi wa pili hutengenezwa na ini. Mnamo mwaka 1930, watafiti wawili wa New York, Tillett na Francis, waliiona protini hii katika damu ya wagonjwa wa kichomi. Hupanda mwili unapokuwa katika mchochota, yaani hali ya kujihami, kama kidonda kinapokuwa chekundu, kikavimba na kupata joto.

Mchochota wa kidonda huonekana. Lakini uko mchochota mdogo wa siri, usio na homa wala uvimbe, unaodumu kwa miaka. Mafuta yaliyojikusanya tumboni hayakai kimya. Hupeleka ujumbe kwenye ini, nalo ini humwaga CRP pamoja na fibrinojeni, ambayo ni protini ya kugandisha damu. Ndiyo maana kitambi, sukari iliyopanda kidogo, na mishipa iliyochakaa huonekana mara nyingi kwa mtu mmoja. Mwaka 2003 wataalamu wa moyo wa Marekani waliweka vipimo: chini ya miligramu 1 kwa lita, hatari ni ndogo, kati ya 1 na 3, ni ya wastani, ikizidi 3, ni kubwa.

Hata hivyo, CRP ni moshi, wala si moto. Uchunguzi wa kurithiana umeonesha kuwa protini hii yenyewe siyo inayoziba mishipa. Inatujulisha tu kwamba kuna kitu kinachoungua.

SHAHIDI WA TATU: TROPONINI

Troponini ni protini ya misuli ya moyo. Mahali pake ni ndani ya moyo. Ikionekana katika damu kwa wingi, maana yake moyo umejeruhiwa. Vipimo vya siku hizi vinaweza kuiona hata ikiwa chache mno. Katika utafiti uleule wa ARIC, matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yaliwahusu watu 9,051 ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo, nao wakapimwa tena baada ya miaka sita. Miongoni mwa wenye sukari ya kawaida, asilimia 3.7 walikutwa na troponini iliyopanda. Miongoni mwa walio katika hali ya kuelekea kisukari, asilimia 6.4 walikutwa nayo imepanda. Miongoni mwa wenye kisukari, walikuwa asilimia 10.8. Watu hao hawakulalamika kifua. Moyo ulikuwa ukiumia kimya kimya.

Leo maabara kubwa zinapima maelfu ya protini kwa mara moja katika tone dogo la damu, ili kujua zipi zinazounganisha sukari na mishipa. Kazi hiyo inaendelea.

JARHI NA TAADILI

Sisi wanafunzi wa hadithi tumefundishwa kwamba hapokelewi kila msimulizi. Huangaliwa uadilifu wake na hifadhi yake. Na katika Surat al-Hujuraat, aya ya 6, tumeamrishwa tuhakikishe habari kabla ya kuitegemea. Basi na mashahidi hawa nao tuwapime.

Himoglobini ni msimulizi mwema, lakini hifadhi yake huharibika kwa baadhi ya watu. Mwenye ugonjwa wa selimundu, mwenye upungufu wa damu, aliyetoka damu nyingi au kuongezewa damu karibuni, kipimo chake cha HbA1c kinaweza kusema yasiyokuwa. Katika nchi zetu watu hao ni wengi. Mwambie daktari mapema hali yako, ili atumie kipimo kingine.

CRP nayo hupiga kelele kwa kila jambo. Malaria huipandisha, jino bovu huipandisha, na mafua huipandisha. Ikizidi 10, aghlabu hutafutwa maradhi mengine, kisha hupimwa tena baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo asije mtu akaenda kununua kipimo hiki dukani na kujihukumu mwenyewe. Na troponini ni kipimo cha daktari kwa sababu maalumu, si cha kila mtu.

Shahidi mmoja hatoshi. Jibu la sukari lililopanda hurudiwa siku nyingine, nalo hutazamwa pamoja na shinikizo la damu, kolesteroli na sigara.

HOJA YA UZEE

Wako wazee wanaosema: "Mwanangu, mimi ni mtu wa miaka sabini, sukari itanifanya nini? Huu ni uzee." Na wengine huleta Hadithi ya Usama bin Sharik (r.a.), waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, ambamo Mtume (S.A.W.) aliwaamuru waliomuuliza wajitibu, akabainisha kuwa hakuna maradhi yasiyoteremshiwa dawa isipokuwa uzee.

Naam, Hadithi hiyo ni hoja, lakini ni hoja juu yetu. Uzee hauna dawa, bali maradhi ndani ya uzee yana dawa, na amri ya kujitibu ndiyo iliyotangulia kutajwa. Mwenye kuyaita maradhi uzee ameuvunja mpaka uliowekwa na Hadithi yenyewe.

Kwa insafu niseme pia yenye kutuliza. Mwaka 2021 watafiti walewale wa ARIC walieleza habari za wazee wa umri wa miaka 75 hivi. Kati ya waliokutwa na HbA1c ya kuelekea kisukari, ni takriban 9 tu katika kila 100 waliofikia kisukari kwa muda wa miaka sita na nusu, na 13 katika kila 100 walirudi katika hali ya kawaida. Kwa hiyo mzee asitiwe hofu wala asilazimishwe kujinyima chakula mpaka adhoofike. Linalotakiwa kwake zaidi ni kuilinda mishipa yake: presha isipande, sigara iachwe, na miguu isilale.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tujue hali zetu. Anayesema "nikipimwa nitaumwa" na akaita hilo tawakkul, hajaelewa. Aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliambiwa na Mtume (S.A.W.) amfunge kisha amtegemee Allah, kama alivyopokea Tirmidhi. Na Umar bin al-Khattab (r.a.) alipoirudi njia ya Shamu kwa ajili ya tauni, alibainisha kwamba anaikimbia kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah. Na mwenye swaumu asiogope: Sheikh Abdul-Aziz bin Baz, Allah amrehemu, alifutu kuwa kutoa damu kidogo kwa ajili ya kupimwa hakuiharibu swaumu.

Pili, tutembee. Watu wa Bani Salima walitaka kuhamia karibu na Msikiti wa Mtume (S.A.W.), akawaelekeza wabaki majumbani mwao, kwani hatua zao zinaandikwa. Leo mtu yuko hatua mia tatu kutoka msikitini, naye anapanda pikipiki. Mwaka 2002 ulitangazwa utafiti wa Marekani uliowahusu watu 3,234 waliokuwa katika hali ya kuelekea kisukari. Waliotakiwa kutembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, kisukari kilipungua kwao kwa asilimia 58. Kwa waliofikia miaka 60 na zaidi, kilipungua kwa asilimia 71. Dawa ya metformini ilipunguza asilimia 31. Yaani wazee ndio waliofaidika zaidi kwa miguu yao. Na ile protini ya CRP nayo ilishuka kwa waliobadili mwenendo. Aidha, huko Da Qing, China, watu waliobadilishiwa chakula na mwendo kwa miaka sita tangu 1986, walipotazamwa baada ya miaka 30 walikutwa wamepatwa na misiba ya moyo na kiharusi kwa uchache wa asilimia 26 kuliko wenzao.

Tatu, tupunguze. Mafunzo ya theluthi tatu za tumbo, ya chakula, kinywaji na pumzi, aliyoyapokea al-Miqdam (r.a.) tunayajua sote, na sahani zetu za futari zinatushuhudia. Tende chache zinatosha kufuturia. Ama asali, shifaa yake imethibiti katika Surat an-Nahl, aya ya 69, wala hatukanushi. Lakini dawa ina kiasi chake na mahali pake, na asali huipandisha sukari ya damu. Mwenye sukari ya juu asiinywe kikombe kizima kwa jina la Sunna.

Nne, upande wa mwili ukilegea ghafla, uso ukapinda au ulimi ukawa mzito, mkimbizeni mgonjwa hospitali saa ileile. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inapofaa, hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Msimpeleke kwa mganga. Mwenye kumwendea mpiga ramli na kumuuliza, swala zake za siku arubaini hazikubaliwi, kama ilivyothibiti katika Sahihi Muslim. Hasara hiyo ni ya dini, na saa zile zilizopotea ni hasara ya mwili.

HITIMISHO

Wazee wangu, ninyi ndio safu yetu ya mbele. Tunakuhitajini. Mkirudi nyumbani, kila mwenye karatasi aliyoikunja na aikunjue, na asiyejua kuisoma ampe mwanawe aisome. Nanyi vijana, waulizeni wazazi wenu kwa adabu na upole majibu yao yalisema nini. Huo ni katika wema kwa wazazi wawili. Mimi sikuuliza.

Ewe Mola wetu, wape afya wazee wetu na uwajaalie mwisho mwema. Waponye wagonjwa wetu. Warehemu waliotutangulia, na uyafanye makaburi yao kuwa bustani katika mabustani ya Pepo. Amin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.